Mzee Anayeomba Kurudi Nyumbani: Tumjibu Nini?



Katika kutembelea jamaa zetu walioko Kasese na Bwera, swali moja limetufikia katika nyumba zaidi ya moja. Mzee wa nyumba amekuwa mtu wa kusahau. Amekwisha kula, na baada ya muda mfupi anauliza kwa nini amenyimwa chakula. Humwita binti yake kwa jina la dada aliyekufa zamani. Jua likielekea kuzama anashika fimbo yake na kusema, “Sasa imetosha, twende nyumbani.” Nyumbani kwake ni Butembo. Tena anauliza mke wake amechelewa wapi, na kumbe mama huyo aliuawa upande wa Beni, katika mauaji yale yaliyoanza mwaka 2014.

Watoto wanatuuliza: “Pastor, tukimwambia mama atakuja kesho, tunatenda dhambi? Na tukimwambia kweli, analia kama siku ile ya kwanza. Kesho yake anauliza tena.” Wandugu, swali hili si dogo. Linagusa amri mbili pamoja, ile ya kuheshimu baba na mama, na ile ya kutoshuhudia uongo.

Kwanza tujue ugonjwa wenyewe. Madaktari wanauita dimenshia. Ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi, si laana, wala si malipo ya dhambi ya mtu. Tena si uzee tu, maana wako wazee wengi wa miaka 90 wenye akili timamu. Aina yake inayoonekana zaidi ilielezwa mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, na hata leo inaitwa kwa jina lake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani waliishi na dimenshia, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama zetu. Dawa ya kuuponya kabisa haijapatikana.

Lakini si kila mwenye kusahau ana ugonjwa huo. Wengine wanasumbuliwa na homa, upungufu wa chakula na vitamini, huzuni nzito, au dawa wanazomeza. Hayo yanaweza kutibiwa. Kwa hiyo mzee apelekwe kwanza hospitali, iwe Bwera au Kagando au kituo kilicho karibu, apimwe na presha na sukari pia. Asipelekwe kwa mtu wa kutafuta mchawi. Mama mzee akiitwa mchawi kwa sababu anatembea usiku na kusema peke yake, sisi ndio tunaomshuhudia uongo.

Ugonjwa huu kwa kawaida huanza kuondoa mambo ya jana, na yale ya zamani yanabaki kwa muda mrefu. Ndiyo maana mzee hajui jina la mtaa anaokaa, lakini anajua kila kilima cha kwao. Wengine wanaacha Kiswahili na kubaki na Kinande tu. Huko Bwera ni neema, maana jirani Mkonzo atamwelewa; lugha zao ni kama moja. Hapa kambini jirani hamwelewi, na mzee anakuwa mkimbizi mara ya pili.

Sasa turudi kwa swali. Wako wanaosema: kweli ni kweli, aambiwe kila mara. Wana sababu, kwa maana uongo ukizoewa nyumbani hautoki tena. Wako wengine wanaosema: hajui kitu, mwambie lolote anyamaze. Sisi tunaona hatari pande zote mbili.

Someni Mwanzo sura ya 9. Noa alilala uchi hemani mwake. Hamu akamwona, akatoka nje kuwaambia ndugu zake. Angalieni vizuri: neno alilolisema Hamu halikuwa uongo. Baba yao alikuwa uchi kweli. Hata hivyo alimvunjia baba yake heshima. Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakaenda kinyumenyume, wakamfunika pasipo kumtazama. Wao hawakusema uongo wowote. Hawakusema kwamba baba amevaa. Walimfunika tu.

Hapo tunajifunza kwamba kusema jambo la kweli peke yake hakutoshi kuwa haki. Mtu huambiwa habari ya msiba ili aomboleze, azike, apokee faraja na kuendelea. Mzee huyu habari hiyo amekwisha kuipokea, na machozi yake amekwisha kuyatoa. Leo hawezi kuishika hata ikamfikisha kwenye faraja. Kumwambia upya kila jioni ni kumzikisha mke wake kila jioni. Hatuoni amri ya Mungu inayodai hivyo.

Lakini hatusemi kwamba sasa uongo umekuwa halali. Tujiulize: neno hili linamsaidia nani? Anayemwambia mzee “weka kidole hapa, ni karatasi ya dawa,” kumbe ni karatasi ya shamba, huyo ni mwizi. Anayemficha posho yake na kusema haijatoka, ni mwizi vilevile. Na anayesema “kesho tutakwenda Butembo” ili tu apate kulala, ajue kwamba anajihurumia mwenyewe. Hatumhukumu, maana amechoka, lakini iko njia iliyo bora.

Njia hiyo ni kujibu kile kilicho chini ya swali. Mzee akisema “twende nyumbani,” umwambie: “Baba, unapakumbuka sana. Nyumba yenu ilikuwa upande gani wa barabara? Mlipanda nini?” Akiuliza mke wake yuko wapi, useme: “Baba, ulimpenda sana mama. Tueleze mlivyooana.” Umpe chai, umshike mkono, mtembee naye kidogo njiani kisha mrudi. Katika maneno hayo hakuna uongo hata mmoja, na mzee amefunikwa. Akikuuliza wazi, tena siku akili yake imetulia, “Je, amekufa?”, mjibu kweli kwa upole, na ukae naye. Siku hiyo ana haki ya kulia, nawe una wajibu wa kulia pamoja naye.

Tena tusiseme kwamba mzee huyu amepotewa na akili anapoomba kurudi nyumbani. Ni nani kati yetu asiyeomba hivyo? Sisi tunanyamaza kwa sababu tunajua hali ya barabara ya Kasindi. Yeye amesahau hatari, lakini nyumbani hajapasahau.

Wengine wanaogopa: mzee aliyesahau hata sala, je, wokovu wake? Nabii Isaya, sura ya 49, anafundisha kwamba hata kama mama angeweza kumsahau mtoto wake, Bwana hasahau watu wake. Wokovu umeshikwa na kumbukumbu ya Mungu, haukushikwa na kumbukumbu zetu.

Kule kwetu kijiji kizima kilimjua mzee: alijenga nini, alipatanisha nani. Hapa pengine anayejua ni binti mmoja tu, na binti huyo ndiye anayefua, anayelisha, anayekesha. Akianguka yeye, wameanguka wawili. Kwa hiyo tunaomba kanisa lifanye haya:

1. Wamama na vijana wapeane zamu, ili mlezi apate nusu siku kila juma ya kulala, kwenda soko au kuja ibadani.

2. Mzee asifungwe kamba. Awekewe mfukoni karatasi yenye jina la mtu wa nyumbani na namba ya simu. Walio Bwera wawajulishe vijana wa bodaboda na watu wa daraja la Mpondwe, wamrudishe kwa upole.

3. Siku ya posho au ya kuhakikisha majina, asiende peke yake.

4. Anayejua lugha yake amtembelee na kumwimbia nyimbo za zamani. Nyimbo mara nyingi hubaki hata maneno mengine yakiwa yamekwenda.

Mwenye mzee wa namna hii nyumbani atuone baada ya ibada ya Jumapili. Asione haya, wala asiogope kwamba tutauliza nani amemroga.

Mungu awabariki, awape nguvu wote wanaolea wazazi wao ugenini. Amina.