Siku Tano za Vidonge

Hapa Kaaga homa ina majina mawili tu: malaria na taifodi. Mtu akianza kutetemeka, hununuliwa vidonge kwa kemisti, hungojwa siku mbili, huongezewa vingine, na siku ya tano ndipo jirani mwenye gari huombwa. Mara nyingi mgonjwa hupona, ndiyo maana mazoea haya hayafi. Basi sikilizeni ya Katwa na Butembo, mashariki mwa Kongo.

Ebola ilipozuka huko mwaka 2018, dawa za majaribio zilikuwepo. Tena moja yazo, mAb114, ilitoka katika damu ya Mkongo mwenzao, aliyeugua Kikwit mwaka 1995 akapona. Miaka 11 baadaye damu yake bado ilikuwa na kingamwili, wale askari wa mwili wanaovizuia virusi visiingie kwenye seli. Wataalamu, akiwemo Dkt. Jean-Jacques Muyembe aliyepambana na ugonjwa kulekule Kikwit, wakamteua askari hodari, naye akazalishwa kwa wingi maabarani. Dripu moja, basi.

Lakini mitaani uvumi ulisema kituo cha matibabu ya Ebola ndicho kinachoua. Tarehe 24 Februari 2019 kile cha Katwa kilichomwa moto. Siku tatu baadaye, cha Butembo. Wagonjwa wengine wakafichwa nyumbani, wakatibiwa kama homa yoyote. Kama sisi.

Jaribio la dawa nne za Ebola, mAb114 ikiwemo, lenye wagonjwa 681, lilihesabu gharama ya kungoja. Kati ya waliofika ndani ya siku moja tangu kuugua, walikufa 19 kwa kila 100. Waliofika baada ya siku tano, 47. Kingamwili huvikamata virusi. Ini na figo zilizokwisha kuharibika hazizirudishi. Waliopewa mAb114 wakiwa bado na virusi vichache, tisa kati ya kumi hivi walirudi nyumbani.

Na asiseme mtu kwamba hayo ni ya Kongo. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo nayo huweza kumtoa mtu damu, imewahi kupiga Isiolo hapo chini tu, na yenyewe haina hata kingamwili iliyoidhinishwa kwa binadamu.

Zahanatini, muuguzi huanza na swali lilelile: “Mama, homa ilianza lini?”

“Jana tu, sista,” tunajibu, huku pakiti tatu tupu za vidonge zikiwa ndani ya kiondo.