Je, Yatupasa Kuwahesabu Ndege Wasio Wetu?

Sisi wa Korogwe twauona Mto Pangani ukipita kwetu kila siku, lakini wengi wetu hatuufikirii tena ukiisha kupita. Walakini mto huchukua udongo wa bara hata pwani, na pale mlangoni maji ya mto yakutanapo na maji ya bahari, udongo hutulia kati ya mikoko ukawa tope. Maji yakipwa, tope hubaki wazi, nalo limejaa kaa wadogo, konokono na minyoo. Hapo wageni wengi hupata riziki yao.

Wageni hao ni ndege: sululu wenye midomo mirefu iliyopinda, na chekeamwezi wa namna nyingi. Yuko chekeamwezi mmoja mdogo, uzito wake wapata gramu 60 tu, ambaye huzaliwa kaskazini ya Siberia. Wazazi hutangulia kuondoka huko, na makinda hufuata nyuma, pasipo mzee wa kuwaonyesha njia. Yuko tena mla-kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, atagaye yai moja ndani ya shimo la mchanga katika visiwa vya Bahari ya Shamu na Ghuba ya Uajemi. Hao hukaa nasi wakati wa kaskazi, na mwezi wa Aprili wengi wao hurudi kwao.

Kila mwaka, mwezi wa Januari, wako watu wawahesabuo ndege wa majini katika nchi nyingi. Kazi hii ilianza Ulaya mwaka 1967, na katika Afrika mwaka 1991. Mara nyingi mwenye kuhesabu hungoja maji yajae, kwa maana maji yakipwa ndege hutawanyika matopeni wakila, bali yakijaa husongana pamoja mahali pakavu. Ndipo hushika darubini na daftari, akaandika namna zao na idadi yao.

Watu wengine huuliza: Ya nini kuhesabu ndege wasio wetu? Swali hili si la kuchekwa. Mtu wa Handeni ambaye mahindi yake yamekauka ana haki ya kuuliza hivyo, naye astahili jibu.

Tutazame kwanza neno hili, “si wetu.” Mtu wa Siberia aweza kusema: Hukaa kwangu miezi michache tu. Mtu wa njiani aweza kusema: Hupita tu. Na mtu wa Pangani aweza kusema: Ni wageni. Kila mmoja asema kweli, na kweli zao zote zikiwekwa pamoja, ndege hana mwenyewe hata mmoja. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu hawezi kushika jembe, wala hawezi kujitetea barazani. Akipotea, hakuna atakayeulizwa.

Tena, katika jambo hili hakuna mtu awezaye kuijua kweli peke yake. Aonaye mwaka huu ndege wachache mlangoni mwa Pangani hajui kama wamekufa au wamehamia Mafia, au Mida katika nchi ya Kenya. Atajua tu ikiwa wenzake wa huko wamehesabu kwa uaminifu. Hans Mortensen, mwalimu wa shule katika mji wa Viborg, nchi ya Denmark, alianza mwaka 1899 kuwavika ndege pete zenye namba. Lakini pete ile haikumfundisha neno mpaka mtu mwingine aione na kumpasha habari. Basi mmoja akiongeza idadi ili kupendeza wakubwa, au asipoandika neno kwa kuwa hakuona ndege, awaharibia wote. Sifuri iliyoandikwa kwa haki ni ushuhuda.

Ninyi makatekista mwalijua jaribu hili. Mwenye daftari la usharika huona haya kuandika watu 20 mahali walipokuwa 60. Lakini akiandika 60, wale 40 hawatatafutwa na mtu. Hesabu haikuwekwa kwa ajili ya sifa ya mwandishi. Iliwekwa kwa ajili ya asiyeonekana.

Walakini kuhesabu peke yake hakuokoi. Mchungaji ahesabuye kondoo jioni, akaona mmoja amepungua, akalala, hesabu yake yamhukumu. Nasi tukaao juu ya mto tunahusika. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960, na mitambo ya Hale ilianza kutoa umeme mwaka 1964. Mashamba nayo hunywa maji mengi. Maji ya mto yakipungua, maji ya chumvi hupanda mtoni, na wakulima wa Pangani huona taabu. Hatusemi taa zizimwe wala mashamba yaachwe. Twasema kwamba mtu atumiaye maji yatupasa kumhesabia pamoja naye wote walio chini yake, watu na viumbe.

Basi, ndugu, mwalimu apataye nafasi ya kushuka Pangani mwezi wa Januari na aende na vijana wake ufukoni, awahesabu ndege, na kuandika kile tu alichokiona. Akirudi, awasomee walio nyumbani.