Bahati na Busara

Ndugu msomaji, mwanao akirudi skuli na neno jipya la Kiingereza, usitosheke kumwuliza maana yake. Mwulize pia limetoka wapi na hutumiwa wapi. Neno lililojulikana nusu ni mtungi wenye ufa: huonekana mzima mpaka utiwe maji.

Tutwae mfano neno "serendipity". Wengi hulifasiri "bahati njema", wakaishia hapo. Fasiri hiyo ni pungufu. Neno hili lilibuniwa na Mwingereza Horace Walpole katika barua aliyoiandika Januari 28, 1754. Alilitoa katika kisa cha wana watatu wa mfalme wa Serendip, yaani Sarandib, jina la kale la Kiarabu la kisiwa cha Sri Lanka. Ndicho kisiwa alichokizuru mwaka 1344 Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa.

Wana hao waliona njiani majani yameliwa upande mmoja tu, tena ule wenye majani mabaya, wakajua kuwa ngamia aliyepita hapo ni chongo. Hawakuwa wakimtafuta ngamia. Kwa hiyo Walpole alikusudia mambo mawili pamoja: jambo lisilotazamiwa, na busara ya kulitambua. Aliyeokota fedha barabarani ana bahati tu. Neno hili halimfai. Linamfaa Alexander Fleming, ambaye mwaka 1928 huko London alikuta kuvu imeota katika kisahani chake cha vijidudu. Angeweza kukitupa. Alikitazama, akaona vijidudu vilivyo karibu na kuvu vimekufa. Hapo ndipo ilipoanza dawa ya penisilini.

Huenda ukauliza: Je, Mwislamu mwenye kuamini Kadari atasemaje kuwa jambo limetukia tu? Jawabu ni kwamba kutukia ni kwa upande wetu sisi tusiojua. Kwa Mwenyezi Mungu Mtukufu hakuna la kutukia. Nabii Musa (A.S.) aliuendea moto apate kijinga cha kuwaotesha watu wake, akapewa Utume. Na ule msafara uliotaka maji kisimani ulimtoa Nabii Yusuf (A.S.), kisha wakamwuza kwa dirhamu chache. Johari iliwafikia mikononi, wao wakaiona bidhaa.

Basi tujiulize, mimi nawe: ni mangapi Mola ametuletea, tukayauza kwa thamani duni kwa kuwa hatukuyatazama? Jirani mwema, mtoto msikivu, mzee mwenye elimu anayekaa kibarazani peke yake, siha tuliyoamka nayo leo.

Wazee wetu walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kugaagaa ni juu ya mja, na kitoweo hutoka kwa Mola. Lakini aendaye upwani macho kayafumba hukikanyaga kitoweo chake akapita.

Mfundishe mwanao neno hilo kwa sehemu zake mbili. Akiijua ya kwanza peke yake, atakaa kitako kungoja bahati. Akiijua na ya pili, atafumbua macho na kushukuru.

Wabillahi Tawfiq.