Cha Mbali Ndicho Kikubwa

Anayetafuta darubini ya kupigia picha za anga huuliza kwanza: inakuza mara ngapi? Anaamini kwamba kilicho mbali lazima kionekane kidogo, na kwamba kadiri kinavyozidi kuwa mbali ndivyo kinavyohitaji kukuzwa zaidi. Muumba hakuzipanga mbingu hivyo. Mshtarii ndiyo sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka jua letu, na nuru yake hutufikia kwa dakika arobaini hivi. Hata hivyo machoni petu ni ndogo mno: ungepanga Mshtarii arobaini kwa mstari ndipo zivuke uso wa mwezi mpevu. Galaksi ya Andromeda, ambayo nuru yake imekuwa njiani kwa miaka milioni 2.5, imetanda angani kwa upana wa miezi sita. Zana za mawe za kale kabisa zilizochimbwa Olduvai zina umri wa miaka karibu milioni 2. Zilipochongwa, nuru hiyo ilikuwa imeshaanza safari. Galaksi hiyo iko juu yetu, pana kiasi hicho, nasi tunapita chini yake bila kuiona kwa kuwa ni hafifu.

Mwaka 964 mwanafalaki Abd al-Rahman al-Sufi, aliyefanya kazi Isfahan, aliitaja katika kitabu chake cha nyota kama wingu dogo. Alichokiona kwa macho matupu kilikuwa kiini chake tu. Mikono yake iliyojizungusha haikujulikana hadi 1888, Isaac Roberts alipoielekezea darubini yake yenye kioo cha inchi 20, huko Maghull karibu na Liverpool, akaliacha bamba la picha likinywa nuru kwa saa kadhaa. Mwaka 1923, Edwin Hubble akiwa Mount Wilson, Marekani, aliona katika bamba jingine nyota inayong'aa na kufifia kwa mpigo wake maalumu, na kwa nyota hiyo akathibitisha kwamba lile wingu dogo liko nje kabisa ya galaksi yetu. Jicho likishazoea giza, hata likikodolewa usiku kucha haliongezi kitu. Kamera huweka akiba. Kila chembe ya nuru inayoingia huongezwa juu ya ile iliyotangulia, mpaka kisichoonekana kikajichora.

Sasa chukua hesabu, maana ndiyo itakayokuchagulia darubini. Kila darubini ina urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye lenzi au kioo hadi pale taswira inapojichora. Kwa darubini ya milimita 400, Andromeda hujichora kwa upana wa milimita 21 hivi, ikajaa vizuri kwenye kihisi cha kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi. Mshtarii kwa darubini hiyohiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, ni nukta. Chukua basi darubini ya milimita 2,000. Mshtarii sasa inakaribia nusu milimita, na kwa lenzi ya kuongezea ukuzaji inakaribia milimita nzima, ambapo mikanda yake ya mawingu huonekana wazi. Lakini Andromeda imefurika nje ya fremu, ukabaki na kiini peke yake. Hakuna fundi atakayekuondolea mvutano huu, kwa sababu chanzo chake ni maumbile ya vitu vyenyewe.

Kwa galaksi pana, basi, naishauri darubini ndogo ya lenzi, kipenyo cha milimita 70 au 80, fupi na nyepesi. Wengi huidharau dukani kwa sababu haitishi. Kwa sayari tafuta kipenyo kikubwa, milimita 200 na zaidi, iwe ya vioo vitupu kama ile ambayo Newton alianza kuiunda 1668, iwe ya kioo chenye lenzi nyembamba mbele. Ukubwa huo hauhitajiki kwa mwanga tu, kwani sayari zina mwanga wa kutosha. Unahitajika kwa sababu kioo kikiongezwa upana mara mbili hutenganisha vitu vilivyokaribiana mara mbili zaidi.

Iangalie Mshtarii kwenye skrini ya laptopu inaporekodiwa. Hewa ya dunia inaitikisa kama sarafu iliyozama kwenye maji yanayotembea: ukingo unachemka, mikanda inayeyuka, kisha kwa kitambo kisichofika nusu sekunde kila kitu kinatulia, Doa Jekundu, ile dhoruba yake kubwa, linajitokeza, na papo hapo linapotea. Wapiga picha hurekodi video ya maelfu ya fremu, programu ikachagua zile chache za utulivu na kuzilaza moja juu ya nyingine. Nao hawana muda. Sayari hiyo inayoweza kumeza dunia zaidi ya elfu moja hujizungusha mara moja kwa muda usiofika saa kumi, hivyo ukirekodi zaidi ya dakika chache mawingu yake yatakuwa yameshahama na picha itaparaganyika. Mola ameupa mzigo mkubwa kiasi hicho mwendo wa kasi namna hiyo, na haujatikisika njiani.

Nasi pia tunazunguka. Sisi wa jirani na ikweta tunabebwa kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa bila chai kumwagika kikombeni, lakini darubini huutambua mwendo huo mara moja: ikisimama tuli, Mshtarii huhama upana wake wote kwa sekunde tatu. Ndiyo maana nasema stendi inunuliwe kwa uangalifu kuliko darubini yenyewe. Inayofaa kwa galaksi ni stendi ya ikweta, ambayo mhimili wake hulazwa sambamba na mhimili wa dunia, kisha mota ikaizungusha kinyume cha mzunguko wetu. Ulaya mhimili huo huelekezwa juu, kwenye Nyota ya Kaskazini. Nairobi, ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 1.3 tu juu ya upeo. Dar es Salaam ni karibu nyuzi 7, ndani ya ukungu wa chini, na ncha hiyo haina nyota angavu ya kuionyesha. Stendi nyingine hazikuundwa kulala chini kiasi hicho, na uzito wake wa kusawazisha hugonga mguu. Muulize muuzaji jambo hili kabla hujatoa pesa.

Lakini tazama tulichopewa badala yake. Kwetu sayari hupita juu sana, karibu na utosi, ambako hewa ya kupenya ni kidogo, wakati mwenzetu wa London mara nyingi huzitafuta chini juu ya mapaa. Mwezi Mei, galaksi ya Sombrero hupita karibu juu kabisa ya Dar es Salaam. Hiyo ni ndogo, nayo itakutaka darubini ya milimita 1,000 au zaidi. Andromeda hukaa upande wa kaskazini, na mwezi Oktoba, kabla vuli haijakolea, hufika kilele chake kuelekea saa sita usiku.

Kwa anayeishi Kariakoo au Eastleigh, taa za mji zitaizima Andromeda lakini haziwezi kuigusa Zohali wala pete zake. Huyo anunue kioo kipana, apande nacho juu ya paa. Mwenye nyumba Kondoa au Marsabit, mbali na taa za miji mikubwa, anunue ile darubini ndogo isiyotisha, na pesa itakayobaki yote aiweke kwenye stendi.