Kwa Wajukuu Waliovunjwa Moyo na Mgombea Wao

Wajukuu zangu, nimewasikia. Mligonga milango ya watu kampeni nzima, mkamtetea yule bwana kwa majirani, na sasa suala la haki za wapenzi wa jinsia moja lilipofika mezani kwake, amesema wakati wake bado. Msione haya kuumia. Mlimwamini kwa sababu aliahidi, na ahadi ni deni.

Ila nyinyi si wa kwanza hapa Marekani. Someni habari za David Mixner. Alijuana na Bill Clinton tangu ujana wao, enzi za kupinga vita vya Vietnam. Mwaka 1992 alimtafutia fedha na kura miongoni mwa wapenzi wa jinsia moja, watu ambao miaka ile walikuwa wakizika wenzao kila mara kwa ukimwi. Mwezi Mei, mjini Los Angeles, Clinton alisimama mbele yao akawaambia kwamba wamo katika taifa analotaka kulijenga. Aliahidi pia kuondoa marufuku ya wao kutumikia jeshini.

Akashinda. Wakuu wa majeshi wakagoma, Colin Powell akiwa mwenyekiti wao. Seneta Sam Nunn wa Georgia, wa chama kilekile cha rais, akaongoza upinzani bungeni. Julai 1993 Clinton akatangaza mapatano: askari asiulizwe, naye asiseme. Yaani atumikie nchi huku akificha anayempenda. Kabla utaratibu ule haujafutwa, askari zaidi ya 13,000 walikuwa wamefukuzwa.

Mixner hakumtafutia rafiki yake udhuru. Alikwenda kuandamana mbele ya Ikulu, akakamatwa na polisi. Natamani mlitafakari hilo, maana kumpinga adui ni rahisi. Kumpinga uliyemweka madarakani, ukijua milango ya wakubwa itakufungia, kunataka moyo.

Mwaka 1996, uchaguzi ukikaribia, Clinton huyohuyo alitia saini sheria ya kuizuia serikali kuu isitambue ndoa za jinsia moja. Baraza la Wawakilishi lilikuwa limeipitisha kwa kura 342 dhidi ya 67. Kati ya hao 67 alikuwamo John Lewis, naye wa Georgia kama Nunn, aliyepasuliwa kichwa na polisi kule Selma mwaka 1965. Alikataa kuwatendea wengine yale aliyotendewa yeye kwa rangi yake.

Mtaambiwa siasa ni kupeana na kuachiana. Ni kweli, katika bajeti na barabara. Lakini kila mara ulizeni: nani analipa? Clinton alirudi Ikulu. Edith Windsor ndiye aliyelipa. Mwenzi wake, Thea Spyer, alipofariki mwaka 2009, serikali, kwa sheria ile ya 1996, ilimtoza kodi ya urithi zaidi ya dola 363,000, ambayo mjane wa mwanamume asingedaiwa. Alishtaki, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya nchi ikampa haki. Miezi michache kabla ya hukumu, Clinton aliandika gazetini kwamba sheria aliyoisaini inakiuka katiba. Miaka 17 baadaye!

Najua wapo wazee wenzangu, wa msikitini na wa kanisani, wasiopenda hata nilitaje jambo hili. Nawaheshimu. Lakini sisi tuliokuja ugenini tunaishi kwa sheria zinazowalinda walio wachache, na sioni tutakavyozidai kwa ajili yetu tu.

Msisuse kura, maana kiongozi aliyewaangusha bado anaweza kusogea. Clinton huyo mwaka 1998 alipiga marufuku ubaguzi dhidi ya wapenzi wa jinsia moja katika ajira za kiraia za serikali kuu. Mhesabieni na hilo. Barack Obama naye alipogombea mwaka 2008 hakuunga mkono ndoa za jinsia moja. Watu waliompigia kura hawakumwacha apumue. Mwaka 2010 wapo waliovaa sare za jeshi wakajifunga kwa pingu kwenye uzio wa Ikulu. Desemba ya mwaka huo alisaini kufutwa kwa utaratibu wa 1993, na Mei 2012 akatamka hadharani kwamba anaunga mkono ndoa hizo.

Basi nendeni ofisini kwa bwana wenu, nyinyi nyote mliogonga milango. Nendeni na wale walioumizwa na uamuzi wake, wazungumze wao kwanza. Mwambieni awataje kwa majina wanaomzuia, na awape tarehe. Nanyi mwambieni mapema, kabla hajaanza kuwaomba tena, mtafanya nini tarehe hiyo ikipita.