Kabla Mwaka Haujaisha, Hesabu Mko Wangapi

Tafakari ya Sikukuu ya Familia Takatifu (Lk 2:41-52)



Kijana mwenzangu, wiki hii mabasi yanayopita Nyakanazi na Lusahunga yamejaa mpaka mlangoni. Kuna mabegi, kuna kuku, kuna watoto waliolala mapajani mwa mama zao. Wengine wanashuka Biharamulo, wengine wanaendelea mpaka Ngara na Rulenge. Ni likizo, jamani! Mungu alipotaka kuja kukaa nasi alichagua kuzaliwa na kulelewa ndani ya familia. Ndiyo maana Krismasi ikiwa bado mbichi Kanisa linatupa sikukuu hii, ambayo Papa Benedikto XV aliiweka kwa Kanisa zima mwaka 1921.

Injili ya Luka inatuonyesha familia hiyo ikiwa safarini. Yesu ana miaka kumi na miwili. Wametoka Nazareti kwenda Yerusalemu kwa Pasaka, zaidi ya kilomita 100 kwa miguu, pamoja na ndugu na majirani. Sikukuu ikaisha, wakaanza kurudi. Maria na Yosefu walitembea siku nzima wakiamini mtoto yupo tu, labda na binamu zake huko mbele. Jioni wakamtafuta, hayupo.

Wazee wetu wanalijua vizuri neno msafara. Kuna miaka ambayo magari hayakuthubutu kupita peke yake kwenye mapori ya Biharamulo kwa hofu ya majambazi. Yalisubiriana, kisha yakasindikizwa na askari. Leo sehemu ya mapori yale imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019, na familia zinaweza kwenda kutazama wanyama. Msafara unakupa usalama, lakini una hatari yake pia: kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayemwangalia mtoto. Hata nyumba iliyojaa watu siku ya Krismasi inaweza kuwa hivyo. Sahani zimetosha, muziki upo, picha zimepigwa. Na kuna mmoja hayupo, ingawa amekaa palepale kwenye kochi.

Nikupe mfano wa kwetu Ngara. Baba alikuwa ameuza ng'ombe ili kaka yetu mkubwa apate mtaji wa biashara mjini. Biashara ikafa. Kaka akapitisha Krismasi nne bila kuja nyumbani, simu akawa anampigia mama tu. Mwaka wa tano akaja. Yeye na baba wakasalimiana, basi, ikaishia hapo.

Tarehe 28 Desemba mama akasema twende wote kilimani, kule juu ambako hewa ikiwa safi unaona milima ya Burundi. Tukabeba viazi vya kuchemsha na dumu la maji. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha utelezi, tukawa tunashikana mikono na kuchekana kila mtu alipoanguka. Baba ana tabia moja: kila tukipumzika anatuhesabu kwa sauti. Tabia hiyo aliipata mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Msalaba Mwekundu na mashirika mengine wakawa wanaandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao. Baba aliwaona akina mama wakipita kati ya watu wakiita majina. Tangu hapo hawezi kutembea na watu bila kuwahesabu.

Karibu na kilele akahesabu: wanane. Akarudia: wanane. Tulitoka nyumbani tisa. Kaka alikuwa amebaki chini, amekaa juu ya jiwe, ametupa mgongo. Tukamwambia baba, "Mwache tu, atakuja." Baba hakujibu. Akachukua fimbo yake, akaanza kushuka kwenye utelezi ule, na goti lake lile bovu. Walichoongea hatukijui mpaka leo. Tulichoona ni wawili wakipanda polepole, kaka amemshika baba mkono. Walipofika baba akahesabu tena: tisa. Ndipo tukala.

Kijana mwenzangu, shika mambo matatu.

Kwanza, usidhani. Maria na Yosefu walikuwa watakatifu, na bado iliwabidi kuuliza mmoja mmoja. Leo usiku taja moyoni jina la kila mtu wa nyumbani kwenu. Nani hamjasikia sauti yake?

Pili, rudi. Wazazi wale walipogundua, hawakusema "atatufuata". Waligeuza safari wakarudi Yerusalemu, na siku ya tatu wakamkuta Hekaluni. Kurudi kunachosha, hasa pale wewe ndiye uliyekosewa. Na kama wewe ndiye uliyebaki kwenye jiwe, sikia: Yesu alibaki kwa sababu ya Baba yake. Sisi mara nyingi tunabaki kwa sababu ya aibu. Mtaji uliopotea, mtihani ulioshindikana, mimba isiyotarajiwa, hakuna hata kimoja kinachokufuta kwenye hesabu ya Mungu. Ila kama nyumbani kuna kipigo au unyanyasaji, usijilazimishe kurudi peke yako. Mwone paroko, sista au mtu mzima unayemwamini.

Tatu, tunza moyoni. Maria hakuelewa yote aliyojibiwa siku ile, lakini aliyahifadhi. Simu yako ina picha mia za likizo hii. Chagua tukio moja ulipeleke mbele ya Ekaristi na kumwuliza Bwana: ulikuwa unaniambia nini pale?

Zimebaki siku chache. Usiku wa tarehe 31 parokia zetu zitamshukuru Mungu kwa mwaka mzima, na tarehe 1 Januari tutamsherehekea Maria Mama wa Mungu na kuiombea dunia amani. Hiyo amani ianzie kwa mtu mmoja. Kabla ya Misa ya mkesha piga simu moja, au panda bodaboda ukabishe hodi kwenye mlango mmoja.

Tusali: Ee Yesu, uliyetafutwa na wazazi wako kwa uchungu, tazama familia zetu za Ngara na Biharamulo. Umguse anayekaa mbali kwa aibu. Umpe nguvu anayepaswa kushuka kumfuata. Mama Maria na Mtakatifu Yosefu, mtufundishe kutochoka kutafuta. Utujalie siku moja tufike wote kwa Baba, asipungue hata mmoja. Amina.