Nani Atakuuliza Kesho Asubuhi?

Nimeandika makala 31 kuhusu mafuta ya mbarika na hakuna hata moja yenye jina langu.

Mteja alikuwa ng'ambo, sikuwahi kumwona. Alilipa shilingi 400 kwa makala, na mimi nilikuwa nimetoka chuo mwaka wa tatu baada ya karo kunishinda, kwa hivyo sikuwa na maswali mengi. Bidhaa yenyewe ni rahisi: kitambaa kizito unakilowesha mafuta, unakifunga tumboni, juu yake unaweka chupa ya maji moto, unalala nacho saa nzima. Kazi yangu ilikuwa kusema kwamba kinatoa gesi, kinafungua choo, kinasafisha ini na kuondoa sumu mwilini. Sumu gani? Hakuniambia, na mimi sikuuliza. Kodi ya nyumba haingoji majibu.

Halafu jirani yangu akagonga mlango. Ni dada anayeuza mitumba, anakaa mlango wa tatu kutoka kwangu. "Si wewe huandika mambo ya dawa? Tumbo inanisumbua tangu jana."

Nikamwambia vile vile nilivyoandika: mafuta, kitambaa, maji moto. Sikumuuliza inauma upande gani. Sikumuuliza kama ametapika. Nilijisikia vizuri hata, manze, kama mtu ambaye kazi yake hatimaye imesaidia mtu mwenye sura. Nikarudi kwa kompyuta. Nilikuwa na makala mawili ya kumaliza, na siku mbili zilizofuata sikumgongea.

Usiku wa tatu nilimsikia akilia kwenye korido. Mimi na mlinzi tulimbeba hadi kwenye teksi. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Alipona, lakini alikaa hospitali karibu wiki mbili, na stoki yake ya mitumba ikauzwa kulipa bili. Aliporudi nilimwomba msamaha. Akasema, "Wewe hukunilazimisha."

Marafiki zangu husema hivyo pia. Ni mtu mzima. Angeweza kwenda hospitali. Na huenda angechelewa hata kama nisingesema kitu. Yote haya ni kweli, na bado hayanitoshi.

Kuna kitu nilisoma chuoni kabla niondoke. Mwaka 1877, mwanahisabati Mwingereza William Clifford aliandika kuhusu mwenye meli mkuukuu. Anajua meli imechoka na shaka zinamsumbua, lakini anajibembeleza: imesafiri mara nyingi, itafika tu. Anaamini kwa moyo wote, meli inaondoka na abiria wake, inazama. Clifford anasema ana hatia, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini. Na anaongeza jambo zito zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia ingekuwa ile ile.

Mimi hata sikuwa nimefika kwa huyo mwenye meli. Yeye angalau alijibembeleza akaamini. Mimi sikuwa naamini wala kukataa. Nilikuwa nahesabu maneno.

Lakini nikishika kipimo cha Clifford, kinanipeleka mahali pasiponipendeza: kwa shosho yangu. Yeye pia alitumia mafuta ya mbarika, na hakuwa na utafiti wowote. Kule Murang'a mti wenyewe uliota kando ya ua. Alizikaanga mbegu, akazitwanga, akazichemsha na maji hadi mafuta yakaelea juu. Alitukataza kabisa kutafuna mbegu, na alikuwa sahihi: zina sumu ya risini, ambayo haichanganyiki na mafuta na huharibiwa na joto. Tumbo likikuuma, alipasha mafuta kidogo, akakukanda, akakupa maji ya tangawizi. Je, yeye ni mwenye meli?

Tuangalie mafuta yenyewe kwanza. Ukiyanywa, yanafanya kazi: yakifika kwenye utumbo yanatoa asidi inayoifanya misuli ya utumbo isukume, ndiyo maana ni dawa ya kuharisha inayojulikana duniani kote. Kuyafunga tumboni ni habari nyingine. Mtindo huo ulienezwa Marekani na Edgar Cayce, mpiga picha aliyekuwa akilala kama mtu aliyepagawa na kutaja dawa za watu. Alikufa mwaka 1945. Ushahidi kwamba kitambaa hicho kinasafisha ini, haupo. Joto linatuliza msokoto, hilo kweli, lakini joto hata maji matupu yanalo. Na mtu mwenye kidole tumbo, kumpa dawa ya kuharisha ni hatari, na kumtuliza kwa kitambaa ni kumpotezea muda.

Kwa hivyo shosho hakuwa na elimu kubwa ya mafuta kunishinda. Tofauti ilikuwa mahali pengine. Kabla ya kukugusa, aliuliza: umeenda choo lini? Umetapika? Alibonyeza tumbo pole pole, upande huu na upande huu, akikutazama usoni. Ukiwa na homa, au maumivu yakihamia kulia, mafuta yalirudi kwenye rafu na wewe ukabebwa mgongoni hadi zahanati. Na asubuhi, kabla ya chai, alikuja kitandani: "Umelalaje? Tumbo iko aje?" Kama alikosea usiku, asubuhi angejua. Alikuwa akiyaona matokeo ya imani yake kila siku, kwa macho, kwa watu wake.

Naona hapo ndipo hatia yangu ilipo, kuliko kwenye mafuta. Kumpa mtu dawa ni kukubali kuulizwa kesho. Daktari naye hawezi kuja kitandani kwako asubuhi, lakini ana jina, ana faili, ana mlango unaoweza kuurudia na hasira zako. Makala yangu hayana mlango. Na tusidanganyane: watu wanakimbilia kitambaa kwa sababu foleni ya hospitali ni ndefu na ukifika unapewa dakika tatu. Wanachotamani ni ile nusu saa ya shosho. Mteja wangu aliuza mfano wa hiyo nusu saa, bila shosho ndani yake.

Nilimwandikia nikaomba tuongeze sentensi moja: maumivu ya kulia chini, homa au kutapika, nenda hospitali. Akasema inaogopesha wanunuzi. Nikaacha kazi. Sijigambi, kodi ilichelewa miezi miwili na bado nadaiwa na dukani.

Siku hizi humgongea yule dada asubuhi kumuuliza tumbo iko aje. Ananicheka, anasema imepona kitambo. Lakini makala 31 bado yako mtandaoni, siwezi kuyafuta, na usiku huu huenda kuna mtu anayasoma huku ameshika tumbo upande wa kulia. Huyo sijui nimgongee mlango gani.